Ladha ya Ukuta

"Ukuta ukinywa maji, unayakojolea wapi?"

Babu aliniuliza hivyo nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, siku niliyompelekea mchoro wangu wa kwanza kupata alama nzuri. Tulikuwa barazani kwake Kariakoo, mimi kwenye mkeka, yeye kwenye kiti chake cha kamba, na mbele yetu wachukuzi wanapita na marobota ya mitumba kichwani wakipiga kelele watu wapishe. Karatasi alikuwa ameishika juu chini. Sikumsahihisha.

Mchoro ulikuwa wa kanisa la kijiji huko Uingereza, lililojengwa karne nyingi zilizopita. Darasa zima tuliambiwa tulinakili kutoka kitabuni: mnara mfupi wa mraba upande wa magharibi, ukumbi mrefu wa waumini, tao la mawe, kisha chumba cha madhabahu upande wa mashariki. Nilijua unene wa kuta zake. Nilijua kwa nini beseni la ubatizo liliwekwa karibu na mlango: mtoto ambaye hajabatizwa asipite zaidi ya hapo. Lakini nyumba ile ambayo tulikuwa tumekaa barazani kwake, nyumba niliyozaliwa ndani yake, sikuwahi kuipima hata chumba kimoja.

Nikacheka, nikamwambia ukuta uliojengwa vizuri haunywi maji.

"Haya, mke wangu," akasema. Ndivyo alivyonitania tangu utoto, kama mababu wengi wa pwani. "Ukiupata wa namna hiyo niite nije niuone. Mimi nimekaa na kuta maisha yangu yote, sijakutana na usiokunywa."

Babu alikuwa fundi chokaa. Siku hizi mtu akisikia hivyo anadhani ni mpaka rangi. Kazi yake ilikuwa kuta za zamani, zile za mawe ya matumbawe yaliyochimbwa ufukweni na kuunganishwa kwa chokaa iliyochomwa kwenye tanuu. Alihudumia misikiti miwili, nyumba kadhaa za Wahindi katikati ya mji zile zenye roshani za mbao, na kanisa moja. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, ambaye naye alikuwa fundi wa kuta hizohizo. Watu walipomuuliza kwa nini Mwislamu anashinda kanisani, alisema chokaa haijui kibla.

Kanisa lenyewe liko mitaa michache kutoka sokoni. Jina lake silitaji. Lilijengwa na Waingereza waliokuja na dini yao na, kwa kadiri ninavyoona, na hamu ya kanisa la kijijini kwao. Nilipoingia humo mara ya kwanza, mwaka wa pili wa masomo, nilihisi nimeingia ndani ya mchoro wangu. Mnara wa mraba magharibi. Tao. Beseni la jiwe karibu na mlango. Madirisha membamba ya kuzuia baridi, na chini yake waumini wanajipepea kwa vitabu vya nyimbo. Paa limeinuka kwa ukali kana kwamba linangoja theluji.

"Walijenga paa la kumwaga kitu ambacho hakijaja mpaka leo," babu alisema. "Siwacheki. Na sisi tuna mangapi tunayangoja."

Nilikuwa mwanafunzi msumbufu, wa kuuliza hata yasiyoulizwa. Mhadhiri wetu alituonyesha picha za alama ndogondogo zilizochongwa na waashi kwenye mawe ya makanisa yale ya kale: mshale, msalaba, kitu kama mguu wa kuku. Akasema zilikuwa za kuonyesha nani kafanya kazi ipi. Nikauliza anajuaje. Akasema ndivyo inavyoaminika. Nikauliza inaaminika na nani. Darasa likacheka, na yeye akabadilisha picha.

Mwaka wa tatu alitufundisha jambo jingine. Makanisa yale yalisimama karne kwa karne, kila kizazi kinaongeza chake, mpaka walipokuja watu wa zama za karibu wakayapiga saruji wakidhani wanayaokoa. Unyevu uliokuwa ukipanda kutoka ardhini na kutokea taratibu kwenye chokaa ukakosa njia. Jiwe likaanza kuoza nyuma ya lipu zuri. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani nikalijibu kurasa mbili, kwa mchoro na mishale. Haikunipitia kabisa akilini kwamba nilikuwa najibu swali la babu. Nilidhani hayo ni mambo ya Waingereza na mawe yao.

Nilipohitimu nilipata kazi kwenye ofisi ndogo juu ya duka la mapazia, Kariakoo hukohuko, nikawa nachora maghorofa yanayofanana: maduka chini, stoo katikati, vyumba vya kupangisha juu. Siku moja akanifuata mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya lile kanisa, mzee mmoja muuza vipuri vya magari Gerezani, mcheshi, mwenye haraka. Ukuta wa mnara kwa ndani ulikuwa unabambuka. Walitaka kuupiga lipu upya kabla askofu hajaja kutoa kipaimara. Babu alikuwa amewaambia kazi apewe yeye, kwa chokaa, na kamati ilikuwa imegawanyika.

"Wewe ni mjukuu wake na una digrii," mwenyekiti akasema. "Ukiandika wewe, pande zote zitanyamaza."

Tulikwenda kuuona ukuta asubuhi ya siku ya kazi, mwezi wa Ramadhani. Babu alivaa kanzu safi kana kwamba anakwenda kuposa. Mlangoni alitupokea mama mfagiaji, mwanamke wa makamo mwenye sauti kubwa, ambaye alikuwa amefagia kanisa lile miaka mingi kuliko mchungaji yeyote aliyewahi kulihubiria.

"Fundi, shikamoo."

"Marahaba. Naona mmeongeza feni."

"Feni ziongezwe, unga hauongezwi? Kila asubuhi nazoa." Akanionyesha kizoleo. Ndani yake kulikuwa na vumbi jeupe, laini kama unga wa sembe uliochekechwa mara mbili. "Jana nimezoa, leo upo. Nadhani humu ukutani kuna mashine ya kusaga."

"Si upike ugali," mwenyekiti akasema.

"Nikupikie wewe, mzee, ule unyamaze."

Babu hakuwasikiliza. Alikuwa ameshaweka kiganja ukutani anakitembeza polepole, kama mtu anayemtafuta mtoto tumboni mwa mama. Alisugua kidole, akakipeleka mdomoni, kikasimama hewani. Alikumbuka amefunga. Akanigeukia.

"Lamba wewe."

"Babu."

"Najua hujafunga. Jana nimekuona na soda nyuma ya duka la mapazia. Na Mungu amekuona kabla yangu. Lamba."

Mwenyekiti aligeuka kutazama dirisha, mabega yanamcheza. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimevaa viatu vya ofisini, nina kompyuta begani, nikalamba ukuta wa kanisa. Kwenye usawa wa bega kulikuwa na chumvi, ile ya kawaida ya bahari. Babu akachuchumaa kwa tabu, akaniambia nijaribu usawa wa goti.

"Huko?"

"Chumvi."

"Chumvi gani?"

"Chumvi ni chumvi, babu."

"Haina uchungu?"

Ilikuwa na uchungu. Uchungu wa dawa ya mseto ya malaria iliyoyeyukia mdomoni, uliong'ang'ania nyuma ya ulimi mpaka nikatamani kutema, lakini nilikuwa kanisani. "Kidogo," nikasema.

Babu akautoa mkono wake ukutani na kuufuta kwenye kanzu ile safi, mara ya kwanza, na mara ya pili. Nilimwona. Nilidhani ni uchovu wa saumu.

Kisha akamwambia mwenyekiti, bila kupandisha sauti, "Nipeni huu ukuta. Mengine yote fanyeni mtakavyo. Wekeni marumaru, wekeni jipsamu, wekeni taa za disko. Huu mmoja nipeni mimi, niubambue mpaka kwenye jiwe na niuvishe chokaa. Sitaki kingine."

"Fundi, ukuta wa kanisa umekuwa wako tangu lini?"

"Tangu wewe hujazaliwa."

"Na itachukua muda gani?"

"Chokaa inataka kulala majini miezi. Halafu napaka safu ya kwanza, nangoja. Ya pili, nangoja."

"Askofu hatangoja chokaa iamke."

"Atangoja. Bado kijana," babu akasema. "Asiyeweza kungoja ni mimi."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mezani, na niliyaelewa vizuri siku ileile. Mzee alitaka ukuta mmoja kabla hajafa. Neno langu ndilo ambalo lingempa au lingemnyima.

Nilimnyima. Nimejaribu mara nyingi kuipanga sababu yangu ionekane safi, na haipangiki. Sehemu ilikuwa mama yangu. Mwezi mmoja kabla, babu alianguka bafuni, na mama alinishika mkono akaniambia nisithubutu kuandika kitu chochote kitakachompandisha yule mzee juu ya mirunda ya jukwaa. Sehemu ilikuwa ratiba ya askofu. Sehemu, na hii ndiyo ninayoipitia haraka kila nikiikumbuka, ilikuwa kwamba nilishachoka kuwa mjukuu wa fundi chokaa. Nilitaka niandike kama mtaalamu. Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kulikuwa na dawa mpya ya kuchanganya kwenye saruji ili isipitishe maji kabisa. Niliandika nashauri hiyo. Niliandika kwamba ukuta una chumvi. Uchungu sikuuandika. Nani anaandika ladha kwenye ripoti?

Niliandika kwa Kiingereza, kurasa nne.

Babu aliomba nimsomee. Herufi za Kiarabu alizisoma vizuri, hizi zetu kwa kukisia. Nilimsomea jioni baada ya futari, natafsiri kadiri ninavyokwenda, na nilijikuta napunguza. Mahali nilipoandika kwamba njia za jadi hazina uthibitisho wa kutosha, nilimwambia njia za jadi zinachukua muda. Alisikiliza mpaka mwisho huku anamenya chungwa.

"Umeandika vizuri," akasema. "Sahihi yako iko wapi?"

Nikamwonyesha.

"Hii iko kwenye karatasi. Kwenye ukuta iko wapi?"

Nikamwambia siku hizi hatuweki sahihi ukutani. Ndipo akanieleza kitu ambacho hakuwahi kunieleza. Kila ukuta aliomaliza, kabla lipu halijakauka, alibonyeza dole gumba mara tatu, pembeni chini, mahali ambapo hakuna mtu anayetazama. Baba yake alibonyeza mara mbili.

Nikakumbuka waashi wa Uingereza, mshale na mguu wa kuku. "Ili watu wajue kazi ni yako," nikasema.

"Kazi nzuri haiulizwi ya nani. Ni ili ukuta ukianguka wajue wa kumfuata."

Akala chungwa lake. Hakugomba. Ningependa angegomba.

Kazi ikafanyika kwa wiki mbili. Mafundi vijana walibambua lipu lililolegea tu, kama nilivyoelekeza, na lile lililoshika waliliacha na kupiga la kwao juu yake. Saruji nene, yenye dawa, iliyosuguliwa mpaka inang'aa. Nilikwenda kukagua siku ya mwisho. Mwenyekiti alipiga ukuta kofi kama anayempiga ng'ombe wa kununua. "Sasa limekuwa kanisa," akasema. Askofu akaja, watoto wakapata kipaimara, picha zikapigwa mbele ya ukuta wangu.

Unga ulikoma. Mama mfagiaji alinipigia simu mwenyewe kunishukuru.

Babu hakwenda kuona. Aliacha pia kukaa barazani, akahamia uani, na kule ndiko nilikogundua kwamba alikuwa na pipa. Lilikuwa limefunikwa kwa bati na tofali juu yake. Mpangaji mmoja aliniambia mzee alianza kuloweka chokaa humo kabla hata ya ile siku ya kwenda kanisani, kwa hakika aliyokuwa nayo kwamba tutampa. Na sasa, alipokwisha kunyimwa, bado kila asubuhi alifunua, akatazama, akaongeza maji kwa kopo, akafunika. Nilimuuliza ya nini.

"Ikikauka inakufa," akasema.

"Lakini ya nini, babu?"

"Wewe huoni nina kazi? Nenda kachore maghorofa yako."

Alifariki masika yaliyofuata, kwa mapafu. Siku za mwisho alizungumza kidogo sana, na hakuna chochote alichosema kuhusu ukuta. Nilikuwa nakaa kitandani kwake nikingoja aseme, hata kwa kunilaumu. Aliomba maji. Aliomba dirisha lifunguliwe. Tukamzika siku hiyohiyo, kabla ya alasiri, kwenye matope, na mwenyekiti wa kamati alikuja na nusu ya wazee wa kanisa wakasimama nyuma, viatu vimejaa udongo, hawajui waweke wapi mikono wakati wa dua.

Baada ya mazishi nikawa na kazi ya kuongeza maji kwenye pipa. Sikujua kwa nini niliifanya. Sikuwa naamini kwamba chokaa inakufa. Nilipita asubuhi kabla ya ofisi, nikafunua, nikaongeza kopo moja, nikafunika, na wapangaji wakawa wananiangalia kama mtu anayelisha kaburi.

Masika ya mwaka wa pili, lipu lilianguka.

Halikubambuka vipande vidogo kama zamani. Lilitoka kipande kimoja, kikubwa kama mlango, pamoja na uso wa mawe yaliyokuwa nyuma yake, kwa sababu lipu lilikuwa gumu na mawe yalikuwa yamekwisha kuwa unga. Ilikuwa asubuhi. Mama mfagiaji alikuwa ameinama chini yake anatoa maji yaliyoingia mlangoni. Lilimvunja mfupa wa bega na mkono wa kulia sehemu mbili.

Nilimkuta wodini, mkono umefungwa kifuani, uso umevimba upande mmoja, sauti yake kubwa imebaki nusu.

"Mwaka mzima sikuzoa unga," akaniambia. "Nikasema, afadhali, umepona. Kumbe ulikuwa unajikusanya."

Nikamwambia mimi ndiye niliyeandika ile ripoti.

"Najua, mwanangu. Mwenyekiti alitusomea. Kwa Kiingereza." Alijaribu kucheka, bega likamkatalia. "Tukapiga makofi."

Niliketi pale mpaka saa ya kuona wagonjwa ikaisha. Mkono wake ulipona, lakini haukuinuka tena kupita kifua, na fagio la mti mrefu linataka mkono unaoinuka. Kanisa lilipata mfagiaji mwingine. Yeye alirudi kwa mwanawe Magomeni, akawa anauza vitumbua mlangoni kwa mkono wa kushoto. Nikipita nanunua. Hatuzungumzii ukuta.

Mwenyekiti safari hii hakuwa na haraka. Aliniita kanisani, akanionyesha shimo, akasema, "Fanya alivyotaka mzee," kisha akatoka nje na kukaa garini.

Nilikwenda na mafundi wawili wa makamo waliowahi kumchanganyia babu chokaa wakiwa vibarua. Tulibambua kila kitu, kama alivyosema, mpaka kwenye jiwe. Lipu langu lilitoka kirahisi, mabamba mazima. Nyuma yake jiwe la matumbawe lililotakiwa kuwa gumu lilitoka kwa ukucha. Lakini usawa wa goti, kuelekea mlango wa mnara, tulikutana na kitu kingine. Chini ya saruji yangu kulikuwa na saruji nyingine, ya zamani, nyembamba, ya kijivu, ngumu kama mfupa, imepita mshazari kwenye sehemu ya chini ya ukuta. Vijana wangu waliiona imeshika, wakaiacha na kuifunika. Nyuma yake ndiko mawe yalikoharibika kuliko kwingine kote, na ule uozo haukuwa wa miaka miwili. Ulikuwa wa umri wa mtu.

Fundi mmoja alipiga magoti ang'oe kona ya chini, kisha akaacha patasi. "Dada, njoo uone."

Madole matatu. Yamebonyezwa kwenye saruji, sambamba, kidogo yameegemea kushoto, kwa sababu babu alikuwa wa mkono wa kushoto. Nilisugua kidole pembeni yake nikalamba. Wale mafundi hawakushangaa. Ilikuwa ladha ileile, ya uchungu.

Bahari huacha chumvi tupu; uchungu ule hutoka kwenye saruji. Basi mzee alikuwa amejua. Siku ile ya Ramadhani, mimi niliposema "kidogo," alikuwa ameambiwa kwamba saruji yake bado iko mle ndani na bado inakula. Lakini hata hapo nilimtafutia njia. Nilijiambia alikuwa kijana, fundi wa watu, padri Mzungu aliamuru saruji na yeye akatii. Nilikuwa nimesoma vya kutosha kuhusu ukoloni kuweza kumsamehe mtu yeyote wa familia yangu.

Tulivunja kipande chote. Kile chenye madole nilikitoa kizima, kiko kwangu, kinazuia mlango usipigwe na upepo. Kisha tukalifungua pipa la uani. Chokaa ilikuwa laini kama siagi, nyeupe, haina punje. Tuliutia ukuta safu tatu, tukingoja katikati ya kila moja, na kazi ilichukua miezi minne. Siku ya mwisho nilibonyeza dole gumba mara moja, chini, karibu na beseni la ubatizo. Sijui kama ukuta huo utasimama. Ukianguka, wajue wa kumfuata.

Miaka imepita. Sasa napima majengo ya zamani ya katikati ya mji kabla hayajavunjwa, kazi ambayo zaidi ni ya kuandika vyeti vya vifo. Mwaka jana kanisa liliniomba niwapangie makaratasi yao yaliyokuwa kwenye sanduku la bati ndani ya mnara, na nusu yake yameliwa na mchwa. Nilikuwa natafuta ramani. Nikakuta daftari la vikao vya kamati la zamani, Kiswahili cha wino wa bluu, mwandiko wa mtu aliyefundishwa na wamisionari.

Kikao kimoja kilihusu ukuta wa mnara. Kwa mujibu wa daftari, padri alitaka uendelee kupakwa chokaa kama siku zote, na fundi mzee alikubaliana naye. Aliyepinga ni mwana wa fundi, kijana, ambaye aliieleza kamati kwa kirefu kwamba chokaa imepitwa na wakati na saruji ndiyo kazi ya kisasa. Kamati ikampa kijana ukuta. Mwandishi wa daftari aliongeza, mwishoni kabisa, kwamba kabla ya kufunga kikao fundi mzee alimuuliza mwanawe mbele ya watu wote: ukuta ukinywa maji, utayatolea wapi, na kwamba kijana alicheka.